Meno Kumi na Sita

Mtu yeyote aliyeingia kwenye karakana ile akasema anataka baiskeli aliulizwa swali moja kabla hata hajapata pa kukaa: "Unapita wapi?" Si jina, si rangi anayoipenda. Unapita wapi. Na ole wake aliyejibu "popote tu", maana fundi alimgeuzia mgongo akaendelea kukaza spoki zake, na mteja akabaki pale mlangoni akijifunza adabu.

Watu walimwita Meno. Jina hilo alilipata kwa sababu mazungumzo yake yote, hata msibani, yaliishia kwenye meno ya gia: mangapi mbele, mangapi nyuma. Siku moja bwana mmoja mgeni alielekezwa kwake na wahuni wa mtaa, akaingia ameshika shavu limemvimba. Fundi akamtazama, akamwambia kwa upole kwamba yeye anashughulika na meno ya chuma, yale mengine yana wenyewe mtaa wa pili.

Baiskeli zake hazikuwa na friwili. Ile tik-tik-tik inayosikika mtu anapoacha kukanyaga na gurudumu likaendelea lenyewe, kwake hukuisikia. Gia ya nyuma aliifunga kwenye gurudumu ikawa kitu kimoja nalo. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, na miguu yako nayo inazunguka, itake isitake. Kwenye mteremko hukai kama bwana mkubwa, unakanyaga tu. Ukitaka kusimama unaikaza miguu, na gurudumu linatii. Mtaani ziliitwa Hazipumziki. Wengi waliozijaribu mara ya kwanza walirushwa chini, wakainuka wakitukana, na nusu yao wakarudi kesho yake kutaka za kwao. Fundi alikuwa akisema ndivyo ndoa zilivyo, lakini alisema hivyo mkewe akiwa karibu tu, ili apate jibu lake.

Ukishajibu unapita wapi, hakukuamini. Wateja hupiga chuku, alisema. Mwenye kilima kidogo hukiita mlima, na mwenye mlima wa kweli hujitia ushujaa akasema ni tambarare. Basi alipanda baiskeli yake ya kijivu, akaipita mwenyewe njia ya mteja kwenda na kurudi, na daftari mfukoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na fundi huyu alilala kwenye vitanda vya watu wengi, kwa maana njema. Muuza maziwa aliyekuwa anapanda kilima na madumu mawili alimfungia meno arobaini na mawili mbele na kumi na tisa nyuma, ili kila mkanyago uwe mwepesi. Karani wa posta aliyepita lami iliyonyooka alipewa gia nzito na matairi membamba. Mlinzi wa shamba aliyepita kwenye mchanga alipata matairi manene yasiyojazwa upepo hadi kubana, na usukani mpana. Aliyekuwa anavuka madimbwi masika yote alifungiwa madigadi yaliyoshuka hadi karibu na ardhi. Na mnoa visu, huyo alitengenezewa baiskeli ambayo ukiinua gurudumu la nyuma kwa kigingi na kufunga mkanda, pedali zilizungusha jiwe la kunolea. Mnoa visu alikuwa akimaliza kazi anajisifu kwamba amesafiri kilomita thelathini bila kuondoka sokoni.

Hayo yote yalikuwa ya zamani kidogo. Siku ninayoisimulia, fundi alikuwa na miaka sitini na mitatu, magoti yanalia anapochuchumaa, na mke amekwisha kufariki miaka minne. Karakana ilikuwa ileile: chumba chembamba kando ya fundi cherehani, magurudumu yakining'inia darini kwa waya, jiliwa la kubania vyuma kwenye meza ya mbao iliyonyonya grisi hadi ikawa nyeusi, na ukuta mzima umeandikwa kwa chaki namba za wateja, wengine walio hai na wengine ambao namba zao hakuwa na moyo wa kuzifuta. Karibu na dirisha, kwenye ndoano mbili, ilitundikwa baiskeli ya kijani. Ilikuwa ya marehemu mkewe. Fundi alikuwa akiifuta vumbi kila Ijumaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuishusha.

Jumamosi asubuhi binti yao akaingia. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mkunga, mwenye sauti ya mama yake na ukaidi wa baba yake, mchanganyiko mgumu kwa mtu yeyote aliyebishana naye. Amelelewa mle karakanani. Alijua kukaza spoki kabla hajajua kusoma.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona asubuhi hivi?"

"Nimepata ile kazi. Kituo cha afya cha ng'ambo ya vilima. Naanza Jumatatu."

Fundi akaweka spana chini. "Hongera sana. Na utakaa wapi?"

"Nimepata chumba hukohuko. Lakini Baba, wazazi wamesambaa. Huyu yuko juu, yule yuko bondeni, na mtoto akitaka kuzaliwa hangoji mkunga atembee." Akatazama dirishani. "Nataka baiskeli ya Mama."

Fundi aliokota spana aliyoiweka muda huohuo, akaigeuzageuza mkononi. Alisema atamjengea mpya. Binti akauliza fremu iko wapi. Alisema fremu zitakuja mwezi ujao. Binti akauliza mwezi ujao ndiyo Jumatatu? Alisema kuna ile nyekundu pale nyuma. Binti akamkumbusha kwamba ile nyekundu ilikuwa ya mtu mrefu kama nguzo ya simu, na yeye amerithi miguu ya mama yake.

"Umemtengenezea kila mtu kwenye mtaa huu," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Hata mnoa visu. Mimi niende kwa miguu?"

Hapo mzee akashikwa. Akasema neno ambalo angemwambia mteja yeyote, maana hakuwa na jingine: "Unapita wapi?"

Saa tatu alikuwa barabarani na ile ya kijivu. Kilomita sita za mwanzo zilikuwa lami, akazipita akipiga mluzi. Kisha ikaanza changarawe, na kilima ambacho magoti yake yalikihesabu hatua kwa hatua. Halafu mteremko. Ulikuwa mrefu, wenye kona moja mbaya, na mwisho wake daraja jembamba lisilo na ukingo. Fundi alikuwa ameshuka miteremko mingi maishani. Akakaza miguu kama kawaida, gurudumu la nyuma likasimama, lakini changarawe haikusimama. Tairi liliteleza tu kama sabuni, kona ikaja, na mgongo wake ukaiona nyasi kabla ya macho. Alilala pale akitazama mawingu, viungo vyote vipo, daraja likiwa hatua kumi mbele yake.

Alirudi akiwa amejua jambo moja waziwazi, na hakulipenda. Kwa njia ile, miguu peke yake haitoshi. Lazima breki ya mbele. Na baiskeli ya kijani haikuwa na breki ya mbele, wala tundu la kuifungia. Ili kuifunga ilibidi kutoboa foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, pale juu kabisa inapokutana. Alipima foki nyingine nne alizokuwa nazo. Shingo zake zisingeingia kwenye fremu ile ya kizamani. Basi ni kutoboa. Na chuma kikishatobolewa kimetobolewa, maji yakimwagika hayazoleki.

Ingekuwa foki tupu angetoboa akanywa chai. Lakini palepale pa kutoboa, kwenye rangi ya kijani, mkewe alikuwa amekwangua kwa ncha ya spoki jua dogo lenye miale saba. Alilichora asubuhi aliyorudi kazini baada ya kumzaa huyu binti. Fundi alikuwa amemgombeza siku hiyo kwa kuharibu rangi. Miaka minne hii, kila Ijumaa, kitambaa chake kilikuwa kinafika pale kwenye jua kinapunguza mwendo.

Akaishusha baiskeli, akaifunga kwenye jiliwa, akachukua keekee ya mkono. Akaweka ncha katikati ya jua. Mkono ukakataa. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaanza kufanya kile ambacho wazee hufanya wanapotakiwa kuamua jambo, yaani kukumbuka jambo jingine.

Mkewe alipoingia karakanani mara ya kwanza alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mpeleka barua, mkoba begani na kofia imekaa upande. Fundi alimuuliza anapita wapi. Naye, badala ya kujibu, akasema: "Kwa kila mtu. Wewe je, huna barua?" Fundi alisahau kuipita njia yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kukiuka utaratibu wake. Alimjengea baiskeli kwa siku mbili, akaipaka kijani bila kuulizwa, akamfungia meno arobaini na manane mbele na kumi na sita nyuma kwa sababu zilikuwa namba nzuri, zinagawanyika vizuri. Kijana aliyependa hukimbilia namba nzuri.

Baada ya wiki tano dada wa barua akarudi. Tairi la nyuma lilikuwa limelika mahali pamoja tu, kipara cha ukubwa wa kijiko, na sehemu nyingine zote mpya kabisa. Fundi akaweka tairi jipya. Wiki tano nyingine, kipara kilekile. Safari hii aliporudi zake, fundi akachukua baiskeli nyingine, akaifungia gia kama zile, akachora alama ya chaki kwenye tairi, akazungusha pedali. Dada yule alikuwa na mtindo wa kusimama ghafla kwenye kila mlango wenye barua: mguu wa kulia mbele, miguu kaza, tairi linaburuta. Na arobaini na nane kwa kumi na sita ni tatu kamili. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu bila salio, kwa hiyo kila mguu wa kulia ulipokuwa mbele, palepale pa tairi ndipo palipogusa ardhi. Kila breki ya mchana kutwa ilikuwa inakula pahali pamoja. Angefunga meno kumi na saba nyuma, gurudumu lisingerudi palepale, na tairi lingelika pote sawasawa na kudumu mwaka.

Ilikuwa kazi ya nusu saa. Gia ya meno kumi na saba ilikuwa ndani ya kopo, juu ya rafu, mbele ya macho yake.

Hakuifunga. Tusimfunike, hakuifunga kwa makusudi. Angefunga, yule dada angekuja tena lini? Mwakani? Basi alipokuja na kipara cha tatu, fundi akatikisa kichwa kwa huzuni, akalaumu matairi ya siku hizi. Kipara cha nne, akalaumu lami. Cha tano, akalaumu uzito wa barua. Tairi alilitoa yeye bila malipo, kazi akaifanya taratibu mno, na dada akawa anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akimsimulia nani kaandikiwa na nani. Kwenye kipara cha saba wakawa wachumba.

Ungedhani baada ya harusi angesema. Lakini aseme nini? Kwamba nilikudanganya nikupate? Njia ya mwongo ni fupi, ila ya huyu ilikwenda miaka ishirini na saba. Mke akawa anarudi nyumbani anasema, "Baba watoto, lile tairi langu limeota kipara tena," na mume anakwenda kuchukua spana kimya, masikio yanamuwaka moto. Hata siku ya mwisho hospitalini alitaka kusema. Alifungua mdomo, mkewe akamuomba maji, na hakufungua tena. Hilo ndilo lililomkaa moyoni kuliko hata kifo chenyewe. Na ndiyo maana baiskeli ile ilikaa ndoanoni, na gia yake ya meno kumi na sita.

Sasa alikuwa ameketi pale juu ya ndoo, keekee mapajani. Aliwaza kumwambia binti aazime baiskeli. Kisha akaiona kona ya changarawe na lile daraja, akamwona binti juu yake na mfuko wa vifaa vyake, anaharakishwa na mtu. Akainuka. Alisema kwa sauti, hakuna aliyekuwepo: "Mama watoto, unisamehe. Ni kwa ajili ya mtoto."

Kabla ya kutoboa, fundi anayejiheshimu huvua kila kitu. Alivua magurudumu, cheni, usukani. Alipofika kwenye kiti, nyuma yake palikuwa na mfuko mdogo wa ngozi wenye kifungo cha shaba. Mkewe alikuwa amemkataza kuugusa tangu mwanzo. "Humo mna mambo ya kike," alikuwa akisema, na fundi, kwa kuwa ni mtu wa adabu na pia mwoga, hakuwahi kuufungua, hata alipobaki mjane. Lakini kiti hakitoki bila mfuko kufunguliwa, maana skrubu zake ziko ndani.

Akafungua. Mlikuwa na kitana, na kalamu iliyokauka wino, na kitu kizito cha duara kilichofungwa kwa gazeti. Gazeti lilikuwa la njano, likapasuka kwenye mikunjo. Ndani yake kulikuwa na gia. Ilikuwa bado na mafuta ya kiwandani, haijawahi kuguswa na cheni hata siku moja.

Hakuhitaji kuhesabu, mtu mwenye jina lile. Lakini alihesabu, akigusa jino moja moja kwa kidole gumba. Kumi na saba.

Akatafuta miwani. Gazeti lilikuwa la mwezi wa tatu, mwaka ule ule wa vipara, miezi kadhaa kabla ya uchumba. Na kwenye ukingo wake palikuwa na maandishi ya penseli. Mwandiko aliujua, ulikuwa wa fundi wa stesheni, mpinzani wake wa miaka ile, mtu mwenye mdomo mchafu na hesabu safi. Aliandika: *Dada, funga hii utapona. Aliyekufungia kumi na sita ama hajui hesabu, ama anajua sana.*

Fundi alisoma mara mbili. Mara ya tatu herufi hazikusomeka, miwani ilikuwa imelowa.

Mkewe alijua! Tangu kipara cha tatu au cha nne, alijua. Alikwenda kwa fundi mwingine kama mtu yeyote mwenye akili, akaambiwa ugonjwa, akapewa na dawa. Akaifunga kwenye gazeti, akaitia mfukoni, akapanda baiskeli yake, akaendelea kuburuta tairi kwenye kila mlango. Kisha akaja kukaa juu ya ndoo na kusikiliza mwanamume mzima akilaumu lami. Miaka ishirini na saba alijitia hamnazo. "Limeota kipara tena, Baba watoto." Na alikuwa akisema hivyo, sasa fundi alikumbuka, huku akitazama pembeni.

Alicheka. Alicheka peke yake hadi fundi cherehani wa jirani akasimamisha mashine na kugonga ukuta, akiuliza kuna nini. Kisha akalia, na kwa hilo jirani hakugonga.

Halafu akachukua keekee, akaweka ncha katikati ya jua, na mkono haukukataa tena.

Jumapili alasiri binti alikuta baiskeli imesimama mlangoni. Matairi ya changarawe, yenye vinundu, manene kidogo. Breki mbele, waya mpya. Nati ya breki ilikaa katikati ya lile jua, na miale saba ikaonekana kuizunguka pande zote. Binti aliinama akaigusa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto wa karakana, akaenda nyuma akahesabu meno.

"Kumi na saba? Ya Mama si ilikuwa kumi na sita?"

"Hii nayo ni ya mama yako," fundi alisema. "Alikuwa ameiweka."

Alimsimulia yote, hakuficha kitu, hata kule kulaumu uzito wa barua. Binti alikaa juu ya ndoo akacheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kilikuwa kilekile cha mama yake, hata fundi akajifanya anatafuta kitambaa chini ya meza.

Alipotulia, akafunga mfuko wake wa vifaa nyuma ya kiti. "Kwa hiyo hili tairi litadumu mwaka mzima?"

"Mwaka. Pengine na nusu."

"Aa." Alishika usukani. Hakupanda.

Fundi alikohoa. Alitazama ukuta wa chaki, kisha cheni, kisha mikono yake. "Lakini cheni ni mpya," alisema. "Cheni mpya hulegea. Itabidi uilete niikaze."

"Kila baada ya muda gani?"

"Kila Jumamosi."

Cheni mpya hulegea mara moja, na hukazwa mara moja, basi. Binti huyo alikuwa analijua hilo tangu ana miaka sita. Alikuwa amezikaza mwenyewe mamia. Alimtazama baba yake, kisha akatazama pembeni.

"Sawa Baba," alisema. "Cheni za siku hizi mbovu sana." Akapanda, akakanyaga.